Safari Iliyoandikwa Mara Mbili

Alikuja darasani masomo yakiwa yameshaanza, amevaa koti la jeshi lililomfika magotini, akaketishwa kando yangu kwa sababu dawati langu ndilo pekee lililokuwa na nafasi. Mimi nilikuwa na miaka kumi na saba. Yeye alikuwa amepita thelathini, ana mke na watoto kwao Kenyenya, na alikuwa amerudi kutoka vita vya Burma mwaka uliotangulia. Shule yetu ya misheni, iliyokuwa juu ya kilima upande wa Sironga, ilikuwa imekubali kuchukua wanajeshi wachache waliorudi ili wasomee ualimu pamoja nasi vijana. Walikuja watatu. Wawili waliondoka kabla ya mavuno ya wimbi. Huyu akabaki.

Magoti yake hayakuingia chini ya dawati. Mwaka mzima aliketi upande upande, miguu njiani, na kila aliyeitwa ubaoni alilazimika kuiruka.

Mwalimu wetu wa Kiingereza alikuwa Mzungu mwembamba, mwenye maradhi ya tumbo, asiyepiga mtu wala kupaza sauti. Sheria yake katika insha ilikuwa moja. Insha ilikuwa na alama ishirini, na kila kosa liliondoa alama moja. Umesahau herufi kubwa, moja. Umeandika jambo la jana kama la leo, moja. Akifika kosa la ishirini alipiga mstari mwekundu kuvuka ukurasa, akaandika sifuri, na chini ya mstari ule hakusoma tena. Alituambia hivyo waziwazi. Alisema macho yake ni mabovu na hana sababu ya kuyachosha.

Leo watu wananiuliza tulikuwa tunakosea nini hasa. Tulikosea kila kitu, kwa sababu tulikifikia Kiingereza baada ya kupita nyumba nyingine mbili. Nyumbani tulisema Ekegusii. Tulipoingia shule tukafundishwa Kiswahili, na siku ya kwanza tu tukagundua kwamba “baba”, ambaye kwetu ni mama mzazi, huku ni mwanamume. Tulipozoea hilo tukaambiwa sasa ni Kiingereza, lugha ambayo haiwezi kukuambia mtu amekuja mpaka kwanza iseme kama ni wa kiume au wa kike. Kwetu mtu akija, amekuja. Tuliandika “he” na “she” kama mtu anayerusha mawe gizani. Halafu ndimi zetu hazikuzaliwa na sauti ya “l”. Tuliiogopa, tukaiweka pasipo pake, na kuna mwenzetu aliyeandika kwamba siku ya arusi ya dada yake wageni walikula “lice”, yaani chawa, kwa kuku, naye alikuwa amekusudia “rice”, wali.

Na vichwa vya insha vilitoka katika vitabu vya kwao. Siku ya theluji. Barua kwa shangazi aliyekwenda kupumzika ufukweni. Sisi tulioyaona mawingu ya Kisii tu, tungeandika nini juu ya theluji?

Mimi niliielewa sheria ya mwalimu mapema kuliko wenzangu. Mwenye kusema mengi hukosa mengi. Basi nikajifunza kusema machache. Nilichagua maneno niliyoyajua kama mtu anayechagua mawe ya kukanyagia mtoni, na pale lisipokuwapo jiwe sikuvuka. Theluji ni nyeupe. Theluji ni baridi. Watoto wanapenda theluji. Nilipata kumi na saba, na insha yangu ikabandikwa ukutani.

Mwenzangu wa dawati hakuwa na akili ya namna hiyo. Yeye aliandika kurasa nne, tano, anabana kalamu ya kuchovya hadi nibu inapinda, na kila mara mstari mwekundu ulimkuta kwenye ukurasa wa kwanza. Hesabu alituzidi wote. Ramani alizichora bila kutazama kitabu. Lakini Ijumaa, siku ya kurudishiwa insha, alikaa na daftari limefungwa juu ya meza, viganja vyake viwili juu yake, hadi kengele ilipolia.

Siku moja kichwa kilikuwa “Rafiki Yangu”. Mwalimu alisoma mistari ya mwanzo ya insha yake mbele yetu, si kwa ubaya nadhani, bali ili tujifunze. Alikuwa ameandika kwamba rafiki yake alikuwa askari hodari, na kila mahali akamwita “she”.

“Kwa hiyo rafiki yako alikuwa mwanamke?” mwalimu aliuliza.

“Hapana, bwana.”

“Umemwandika kuwa mwanamke. Jeshi la Mfalme liliwaandikisha wanawake wa Kenyenya?”

Darasa likaangua kicheko. Nilicheka na mimi, naye alikuwa ubavuni pangu, na nilihisi dawati likitikisika kwa kicheko changu. Yeye alitazama mbele. Baadaye, tulipokuwa tukipalilia maharagwe katika shamba la shule, aliniambia bila kuniangalia, “Yule unayemcheka amekufa, mdogo wangu.”

Niliendelea kupalilia. Ndipo akanisimulia, kwa Ekegusii, kidogo kidogo, jembe lake likiendelea kwenda.

Yeye na rafiki yule walikua pamoja, boma kwa boma, wakaandikishwa siku moja. Huko Burma walipewa kazi ya kubeba majeruhi. Mvua ya kule, alisema, haikatiki miezi mitano. Njia iligeuka tope, na nyumbu waliobeba mizigo walizama hadi tumboni, wakapigwa risasi pale pale kwa sababu hakuna aliyeweza kuwavuta. Rafiki akashikwa na homa, na sasa akawa yeye wa kubebwa. Walimbeba kwenye machela siku mbili, watu wanne, na kati ya wanne hao mmoja tu ndiye aliyejua Ekegusii. Siku ya pili mgonjwa akaanza kuuliza kama wamekaribia. Kukaribia wapi, hakusema. Mwenzangu akamjibu kwamba wamekaribia. Akauliza tena. Akamwambia, “Inua kichwa, ule mlima ulio mbele ni Sameta,” yaani mlima waliouona kila asubuhi kutoka kwao. Mgonjwa aliinua kichwa, akatazama mlima wa nchi ya watu, akasema, “Kweli, ni wenyewe.” Kisha akaomba uji wa wimbi. Kabla ya jioni alikuwa amekufa, wakamzika kando ya njia.

“Mama yake alipelekewa karatasi ya Kiingereza,” alisema. “Niliporudi aliniita nimsomee. Sikuweza. Nilikuwa najua Kiingereza cha kuamriwa tu. Nikamwambia nitarudi. Ndiyo sababu nimekuja kukaa na watoto kama ninyi.”

“Na sasa unaweza kuisoma?”

“Naweza. Niliisoma likizoni. Inasema amekufa kwa maradhi na serikali inasikitika. Basi. Hamna kitu ndani yake.” Akang'oa magugu, akayatikisa udongo. “Nami nataka niandike karatasi nyingine, ya lugha ile ile, yenye kitu ndani.”

Tukapatana. Yeye angenibebea debe langu la maji kutoka mtoni kila asubuhi, kilima kile kirefu, nami ningemsahihishia karatasi hiyo, insha ya safari ile ya Burma. Alisema akiiweza hiyo moja, ameweza zote. Tulikaa nyuma ya jiko la shule kila siku baada ya chakula cha mchana. Yeye alileta kurasa zake, mimi nikazisoma hadi mwisho. Sitasema uongo, zilikuwa pori. Vitenzi vilikuja kabla ya wenye kuvitenda. Sentensi moja ilianza juu ya ukurasa na haikupata nukta mpaka chini. Alikuwa anaandika kama anavyosimulia mtu wa kwetu, kwa kuzunguka, kwa kurudia jambo ili lizame, kwa kumfikia marehemu baada ya kupita kwa nyumbu, kwa mvua na kwa mkuu wao aliyepoteza kiatu.

“Mkuu na kiatu chake waondoke,” nilimwambia.

“Lakini alipoteza kiatu.”

“Katika Kiingereza unasema jambo moja katika aya moja.”

“Hata kama yalitokea pamoja?”

“Hata hivyo.”

Nilikata. Kila ambapo hakuweza kukumbuka tahajia, nilitoa neno. Kila ambapo wakati uliopita ulimshinda, nilitoa tendo. Nyumbu waliondoka. Machela yaliondoka, kwa sababu hata mimi sikujua Kiingereza chake. Tope likabaki kuwa mvua. Mlima uliondoka mwisho kabisa, kwa sababu alitaka kueleza kwamba ulikuwa Sameta na haukuwa Sameta, na mimi sikujua sentensi ya kubeba jambo hilo. Niliandika nakala safi kwa mkono wangu ili aikariri. Ilikuwa mistari kumi na mmoja. Tulitembea. Mvua ilinyesha. Rafiki yangu aliugua. Rafiki yangu alikufa. Nilihuzunika sana.

Aliisoma mara mbili. Uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyerudi nyumbani akakuta wageni.

“Kaka, haina kosa hata moja,” nilimwambia. Nilizoea kumwita kaka, kwa umri wake.

“Naona haina kosa,” alisema. “Wala haina mtu.”

Hata hivyo aliikunja, akaiweka katika sanduku lake la mbao pamoja na nakala zote za awali, ambazo zilikuwa zimejaa mwandiko wangu.

Mtihani wa mwisho wa mwaka ndio uliochagua nani ataendelea na masomo ya ualimu na nani atarudi kwao. Tulitengwa, kila mmoja na meza yake. Karatasi ya Kiingereza ilipogeuzwa, insha ilikuwa “Safari Ambayo Haitasahaulika”, na mara hii tuliambiwa kwamba lazima tuandike kurasa mbili kamili, kwa kuwa mkaguzi kutoka Kisii alikuwa amelalamika kwamba insha za shule yetu ni fupi mno na hazina uhai.

Niliisoma karatasi mara mbili. Mistari yangu kumi ya kawaida isingetosha. Na safari zangu zilikuwa zipi? Kutoka Birongo kwetu hadi mjini Kisii, kutoka Kisii hadi shuleni. Nilijaribu kuandika juu ya barabara, nikakwama kwenye sentensi ya tatu. Nje mbayuwayu walikuwa wakiingia na kutoka chini ya paa. Muda ulikuwa unakwenda. Nikachovya kalamu, nikaandika kwamba kaka yangu alikuwa Burma.

Yote yalikuja. Nyumbu, tope, watu wanne, mgonjwa akiuliza kama wamekaribia. Na ile sentensi ya mlima, ambayo miezi miwili nilimwambia haiwezekani, ilikuja yenyewe, imenyooka, na ninaikumbuka hadi leo. Nilipoiandika nilifurahi. Hilo ndilo linalonisumbua kuliko mengine. Nilikuwa na furaha ya kweli, ambayo sikuwahi kuipata katika insha yoyote ya theluji.

Nilipoinua kichwa nikamwona, meza tatu mbele, koti limemkaa mabegani, anaandika kwa kasi bila kusimama. Hakuwa anaandika ile mistari kumi na mmoja. Nilijua kwa jinsi alivyokuwa akigeuza kurasa.

Siku nne baadaye tuliitwa wote wawili ofisini. Katika mtihani mwalimu alilazimika kusoma kila insha hadi mwisho, na alikuwa amezisoma. Karatasi zetu zilikuwa mezani, yangu upande mmoja, ya mwenzangu upande wa pili, nyekundu tupu. Kando yake kulikuwa na zile nakala kutoka sanduku lake, kwa kuwa sanduku lilikuwa limeshapekuliwa bwenini.

“Habari ni moja,” mwalimu alisema kwa Kiingereza. “Wanyama wale wale, mlima ule ule. Mmoja wenu amemwibia mwenzake.” Alipokuwa akisema “mmoja wenu” alikuwa akimtazama mtu mmoja tu. Akainua nakala zangu. “Huu ni mwandiko wa mwenzako. Ulikuwa unafanya nini na karatasi zake sandukuni mwako?”

Mwenzangu alisimama wima, mikono ubavuni, kama walivyosimamishwa jeshini. Alitaka kusema kwamba safari ile ni yake. Kiingereza kikampa maneno mengine. Alisema, “Bwana, safari hii ni mimi.”

“Ni yangu,” mwalimu alimsahihisha, bila hasira.

“Ndiyo, bwana. Naomba niseme kwa Kiswahili.”

“Mtihani huu ni wa Kiingereza. Kama huwezi kuitetea kwa Kiingereza, sioni jinsi ulivyoweza kuiandika.” Kisha akanigeukia. “Na wewe. Uliipata wapi habari hii?”

Nilikuwa na sentensi tayari. Ilikuwa fupi, na vitenzi vyake vilikuwa sawa. “Kaka yangu alinisimulia, bwana.”

“Kaka yako alikuwa Burma?”

“Ndiyo, bwana.”

Mimi ni kifungua mimba. Sijawahi kuwa na kaka. Yule niliyekuwa nikimwita kaka alikuwa amesimama hatua moja kutoka kwangu, na alilisikia neno lile, kwa sababu Kiingereza chake cha kusikia kilikuwa kizuri kuliko cha kuandika. Aligeuza kichwa akanitazama. Nilidhani atasema. Ningependa aseme. Mpaka sasa sijui kama alinyamaza kwa dharau, au alikuwa anatafuta maneno na hakuyapata kwa wakati.

Mwalimu aliandika kitu katika kitabu chake, akafunga kalamu. Aliniambia nirudi darasani. Mwenzangu alifutwa siku hiyo hiyo kwa wizi katika mtihani, na barua ya kueleza hivyo ikapelekwa kwa chifu wao, ili asipokelewe katika shule nyingine.

Nilimwona akishuka kilima mchana, sanduku kichwani, koti begani kwa sababu jua lilikuwa kali. Hakuwa na haraka. Wanafunzi waliokuwa wakichota maji walimpisha njia. Mimi nilikuwa mlangoni pa bweni, na siku hiyo nilikwenda kuchota maji yangu mwenyewe.

Nilipasi. Nilipewa cheti, nikafundisha Nyamira miaka sita, nikaoa, nikanunua baiskeli na kalamu ya wino mwekundu. Watu walisema mimi ni mwalimu mzuri wa insha. Nilijaribu mwanzoni kusoma kila daftari hadi mwisho, chini ya kosa la ishirini, na mkaguzi akaniandikia kwamba ninapoteza muda na kuwadekeza watoto. Nikaacha. Nilipiga mstari kama nilivyopigiwa.

Kisha nikahamishiwa Kenyenya. Wiki ya kwanza, nikiita majina ya darasa la nne, nilikuta jina la ukoo ninalolijua, na mbele yangu akasimama msichana mrefu mwenye paji la uso la baba yake. Sikulala vizuri wiki hiyo. Jumapili mchana nikauliza njia, nikaenda.

Nilimkuta akianika pareto uani, maua meupe yametandazwa juu ya mikeka. Nywele zake zilikuwa zimeanza kuwa na mvi. Alikuwa amekaa Kericho miaka minne akichuma chai ya Wazungu, nilielezwa baadaye na mkewe, kwa sababu hapa nyumbani ile barua ya wizi ilikuwa imesomwa barazani. Aliponiona hakushangaa. Mkewe alileta kigoda, akaniletea maziwa ya mgando katika kibuyu.

“Sema ulichokuja kusema,” alisema.

Nilisema kwa Ekegusii, kwa hiyo sikuwa na pa kujificha. Nilisema yote, pamoja na ile furaha ya siku ya mtihani. Nilisema niko tayari kumwandikia mkuu wa elimu wa wilaya. Alinisikiliza huku mkono wake ukigeuza maua, moja moja, upande wa jua.

“Yule Mzungu bado yupo?”

“Alirudi kwao.”

“Basi utamwandikia nani?” Akageuza maua mengine. “Mama wa yule rafiki yangu nilikwenda kwake nilipotoka Kericho. Nilimweleza kwa mdomo. Alilia, akaniuliza kama uji ulipatikana. Nikamwambia ulipatikana.” Akafika mwisho wa mkeka. “Nimekusikia, mwalimu. Sina la kukuongezea.”

Nilisimama niende. Alinifuata hadi kwenye njia, akaweka mkono wake juu ya mti wa mlango wa boma.

“Binti yangu yuko darasani kwako?”

“Yuko. Ana akili.”

“Najua. Nitamtoa. Nisingependa afundishwe kuandika na wewe.”

Alisema hivyo kwa upole, kama mtu anayekataa kuongezewa chakula. Jumatatu msichana hakuja. Alikuwa ameandikishwa katika shule nyingine ng'ambo ya mto, mwendo wa saa nzima zaidi, na njia ya kwenda huko ilipita mbele ya shule yangu.

Nilifundisha Kenyenya miaka mitatu. Kila asubuhi, nikiwa nimesimama uwanjani na kengele mkononi, alipita akiwa na vitabu vyake vimefungwa katika kitambaa, miguu imelowa umande hadi magotini. Alikuwa amelelewa vizuri, hakuweza kumpita mtu mzima bila kumwamkia.

“Bwakire, mwalimu,” alisema kila siku, akainamisha kichwa, akaendelea.

Nami nilimwitikia, nikapiga kengele.